Mwanangu ananiita Anti: nianzeje upya baada ya miaka 11 Saudia?

Shangazi, assalaam alaykum, na shikamoo.

Nina miaka 39. Nimezaliwa Barani, hapa hapa Malindi. Mwaka 2014 niliondoka kwenda Saudia, nimeachwa na mume, nina mtoto wa miaka miwili. Mtoto nilimwacha kwa mama. Skuli niliachia kidato cha pili, na mwaka ule hoteli zilikuwa zikifungwa kwa kukosa wageni, hata wenye vyeti walikuwa wanashinda barazani. Ajenti aliniambia ni miaka miwili. Miwili ikazaa miwili, nikaja kushtuka imefika 11.

Nimefanya kazi nyumba nne, Riyadh na Dammam. Nyumba ya tatu walikuwa watu wema, wallahi. Kulikuwa na bibi kizee pale aliyenifundisha mikate ya Kiarabu na vitamu vyao, maamul na kunafa, kama mtu anayemrithisha bintiye. Nyumba ya pili sitaki kuiandika. Likizo nilikuja mara mbili tu. Baba alipofariki mwaka 2019, pasipoti yangu ilikuwa kwenye kabati la mwajiri na ufunguo alikuwa nao yeye. Nilimlilia baba huku napiga pasi.

Nilirudi mwezi wa nane mwaka huu, nikaapa sirudi tena. Mama alinipokea mlangoni, akanishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Tukalia. Nikadhani taabu imekwisha. Kumbe bado.

Mwanangu ana miaka 13, amenifika begani. Ananiita Anti. Mama, kwake yeye, ni bibi yake. Si kwamba hana adabu. Ananiamkia, ananipokea mzigo, ananiletea maji ya kunywa, lakini ni vile anavyohudumiwa mgeni. Juzi alishikwa na homa usiku, akaamka, akapita kitandani kwangu, akaenda kumwamsha bibi. Nilizisikia nyayo zake. Nilijifanya nimelala.

Jambo la pesa sasa. Mshahara wangu ulianza riali 800, mwisho ulifika 1,200. Kila mwezi nilituma nyumbani kupitia kwa kaka yangu mkubwa, kwanza za chakula na skuli, halafu za ujenzi. Tulijenga vyumba vinne vya kupangisha kwenye kiwanja cha marehemu baba. Vyumba vipo na vina wapangaji, siwezi kusema niliibiwa. Lakini kodi anapokea kaka, na nikimuuliza ananijibu, "Kwani hii si mali yetu sote?" Kiwanja hakijagawanywa tangu baba afariki. Tumo mama, kaka, mimi na mdogo wangu wa kike. Nilichobaki nacho mimi mwenyewe ni shilingi 580,000 benki.

Na kila mtu ana mpango na hizo 580,000. Kaka anataka tununue tuktuk, atatafuta dereva. Mdogo wangu anataka tufungue duka la mabuibui. Ajenti ananiandikia WhatsApp kila wiki: kuna nyumba nzuri Jeddah, mume na mke tu, riali 1,500, niondoke kabla ya Januari. Mimi roho yangu iko kwenye mkate. Nimeona kibanda kinapangishwa karibu na stendi. Nataka ninunue oveni kubwa, nipike mikate na vile vitamu nilivyofunzwa, niweke meza na viti. Halafu naingiwa na hofu. Pesa hizi zikiisha, nitakuwa nimeuza miaka 11 bure.

Na silali, Shangazi. Kila usiku saa kumi nasikia kengele ya madamu. Naruka kitandani, nimeshika kitasa cha mlango ndipo nakumbuka niko Barani.

Nirudi miaka miwili tu niongeze mtaji, au nibaki? Na mtu wa umri wangu anaanza upya kweli?

Mgeni Kwao, Malindi


Waalaykumu salaam, mwanangu, na marahaba. Karibu nyumbani. Sijui kama yupo aliyekwambia neno hilo bila kuyatupia jicho mabegi yako, basi nakwambia mimi.

Swali la umri nalimaliza hapa. Mimi nilianza kuuza chakula mji huu nikiwa na miaka 41, mjane, sijui hata bei ya gunia la makaa. Niliuza miaka 16 ndipo nikaketi kuandika. Kwa hiyo mengi nitakayokwambia yanatoka jikoni.

Mama yako alikupokea kwa methali, na nadhani alikupa jibu ambalo ninyi wawili hamkuliona kwa sababu mlikuwa mnalia. Watu huitumia methali ile kumwambia aliyezunguka kwamba mwisho atarudi tu. Lakini waulize wavuvi kule pwani ngama ni nini. Ni kule chini kabisa ya chombo, ambako maji yanayopenya kwenye maungio ya mbao hukusanyika. Anayerejea ngamani hakuti godoro. Anakuta maji, na kazi inayomngoja ni kuyafua mpaka chombo kiwe chepesi. Tanga hutwekwa baadaye. Wewe umeshuka mwezi wa nane, na wote waliokuzunguka wanataka utweke tanga leo: tuktuk, mabuibui, Jeddah, na wewe mwenyewe na oveni yako. Hakuna aliyeuliza maji yamefika wapi.

Neno langu kwako ni hilo, na yote nitakayoandika yanatoka humo. Mwaka huu wa kwanza ni wa kukaa. Utumie kuujua upya mji na watu wako, na pesa uziache zikae nazo.

Nianze na mtoto, maana umemweka kwenye barua kama jambo moja kati ya mengi, na mimi naona ndiye barua nzima. Usimwambie akuite mama. Wala usimtume bibi amwambie. Neno hilo kwake lina mwenyewe, ni yule mwanamke aliyemshika mkono siku ya kwanza ya skuli na kumpangusa makamasi, na ukilazimisha alihamishe atahisi mnamnyang'anya mtu. Muache akuite Anti. Pwani hii kuna kina mama wengi walioitwa Dada na watoto wa tumbo lao, wengine wakaitwa kwa majina yao, na hawakupungua uzazi.

Usiku ule wa homa uliumia, najua, na mimi niliposoma pale niliweka barua chini kidogo. Lakini tazama alichokifanya. Mtoto mgonjwa gizani huifuata harufu anayoijua. Yako bado anaijua ya sabuni ya ugenini na begi lililofungwa. Harufu mpya haiji kwa zawadi, inakuja kwa vitu vidogo vinavyorudi kila siku mpaka havionekani tena. Chagua kimoja. Chai yake ya asubuhi iwe ya mkono wako, kila siku, hata siku ulizokasirika. Ijumaa jioni mtembee mpaka gatini mkatazame samaki wakishushwa, msizungumze lolote la maana. Na umuombe akufunze. Wewe uliondoka 2014. Hujui matatu ya Mambrui sasa yanapakia wapi, na masomo yake si yale uliyosoma wewe, hata majina ya madarasa yamebadilika. Kaa naye akueleze. Kijana wa miaka 13 hufurahi sana kujua kitu ambacho mkubwa hakijui. Simu mpya usimnunulie. Ataipokea, atakushukuru, na ataendelea kuwa mgeni wako akiwa na simu mkononi.

Na mama yako naye anaogopa. Amemlea mtoto huyo katika umri wake wa kupumzika, na sasa mwenyewe amerudi. Kila anapokuona umemtazama kijana kwa hamu, roho yake inahesabu siku. Mwendee wakati nyumba imetulia umshukuru kwa mdomo, ukimtajia mambo yenyewe, jina la ugonjwa, jina la mwalimu, sare aliyoishona kwa mkono mwaka pesa zilipochelewa. Umwambie hutamtoa mtoto chumbani mwake. Ukitaka kuhama, hama mwakani, na yeye mwenyewe ndiye atakayekusaidia kufunga vyombo.

Kengele ile ya saa kumi itapungua. Mwili uliofunzwa miaka 11 hauwezi kusahau kwa miezi miwili. Lakini umeandika kwamba nyumba ya pili hutaki kuiandika. Sikuombi uniandikie mimi. Nakuomba upate mtu mmoja wa kumwambia kwa sauti. Nenda hospitali ya serikali hapo mjini, umwambie muuguzi kwamba hulali tangu urudi kutoka Uarabuni na unataka kuonana na mshauri nasaha. Huhitaji kueleza zaidi ya hapo dirishani. Na kabla hujaenda, jiandikishe SHA, bima ya afya ya serikali. NHIF uliyoiacha haipo tena, hii ndiyo iliyochukua nafasi yake tangu Oktoba 2024. Kwa asiye na mshahara wa ajira mchango huanzia shilingi 300 kwa mwezi, hulipwa wa mwaka mzima kwa mkupuo, na mtoto anaingia humo humo.

Sasa kiwanja. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo wanawake wengi wanaorudi hupoteza walichokijenga bila ya mtu kuwaibia.

Siku baba yenu alipofariki, kiwanja kile kilikuwa urithi siku ile ile, hata kama hakuna aliyelitaja neno hilo. Kwa sheria ya Kiislamu, baada ya deni na wasia kama vilikuwapo, mama yenu ana thumni, moja ya nane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Kinachobaki ni chenu, mwanamume akipata mafungu mawili ya mwanamke. Ikiwa wazazi wa baba yenu walikwisha tangulia na warithi ni ninyi wanne tu, hesabu inakwenda hivi: kiwanja ni mafungu 32, mama ana manne, kaka 14, wewe saba, mdogo wako saba. Huo ni udongo.

Vyumba ni jambo lingine. Ulipokuwa unatuma zile pesa ulisema ni za nini? Ulikuwa unaijengea familia, kama hiba? Ulikuwa unamkopesha kaka? Au ulisema, nijengeeni vyumba vyangu? Wazee watakuuliza hilo, na mbele ya kadhi utaulizwa tena. Kaka yako anaposema ni mali yetu sote, usimwone mwizi haraka. Huenda ndivyo alivyoelewa tangu mwanzo, kwa sababu hamkuandikiana, na kimya cha miaka kila mtu hukijaza kwa namna yake. Tafuta stakabadhi zote za kutuma pesa na jumbe za simu za wakati wa ujenzi, hata za sauti, uziweke mahali pawili. Kisha umuombe ami yenu au mjomba, pamoja na imamu mnayemheshimu nyote, mkae. Mirathi igawanywe, makubaliano ya vyumba na kodi yaandikwe, kila mmoja atie sahihi, na mama awepo. Mkishindwana, Mahakama ya Kadhi ipo hapo hapo Malindi, na Katiba ya 2010 imeipa mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nayo. Ila usianzie huko. Huyu ni kaka aliyesimama juani mpaka paa likaezekwa, na utaishi naye mji mmoja.

Jambo ambalo huenda hamjaliuliza kabisa: baba alikuwa na hati ya kiwanja hicho, au alikuwa analipa kodi ya ardhi kwa mtu? Nauliza kwa sababu ya historia yetu. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa Pwani wapeleke madai yao wayasajili. Waliopeleka walipata hati. Wengi hawakupeleka, na ardhi waliyoiita yao ikahesabiwa kuwa ya serikali ya mkoloni. Hadi leo Malindi zimo nyumba nzuri za mawe ambazo mwenye nyumba si mwenye udongo. Fanyeni upekuzi katika ofisi ya ardhi ya kaunti kabla ya kikao, ili mgawane kitu mnachokijua. Na mpaka hayo yaishe, usiongeze hata mfuko mmoja wa saruji pale.

Tuktuk, hapana. Ni biashara usiyoijua, inaendeshwa na dereva usiyemjua, na itameza karibu pesa zako zote. Huko kutakuwa ni kutuma pesa kama ulivyokuwa ukituma, tofauti ni kwamba safari hii uko hapa kutazama. Duka la mabuibui ni ndoto ya mdogo wako, na ni ndoto nzuri, aianze na chake.

Laki tano zihamishe kwenye akaunti ya kuweka tu, isiyo na kadi wala njia ya simu. Kama riba inakusumbua dhamiri, benki za Kiislamu zimekuwapo Kenya tangu 2008. Kisha waambie nyumbani, mbele ya wote, siku moja: nimezifunga mpaka mwakani. Usiseme "nitafikiria", maana watakuja kila asubuhi kuuliza umefikiria nini. Zile 80,000 ndizo za kuishi na kujaribia. Na kwa kuwa miaka 11 hakuna aliyekuwekea akiba ya uzeeni, NSSF humpokea mtu anayejiajiri, hata kwa shilingi 25 kwa siku. Liweke akilini, si lazima liwe wiki hii.

Tuje kwenye mkate, ambako roho yako iko, na mimi yangu pia.

Kibanda cha stendi usikichukue bado. Najua kinavyokuita. Na ukikichukua Disemba utauza, hilo sibishi. Kila mtu huuza Malindi Disemba. Watu wa Nairobi wamejaa, Waitaliano wameshuka, kaskazi inavuma na watoto wana fedha za sikukuu. Utaajiri wasichana wawili, utaanza kuulizia oveni ya pili. Kisha zinakuja mvua za masika. Sabaki inashuka na udongo wake, bahari yetu inageuka rangi ya chai ya maziwa, hoteli nyingi zinafunga milango kati ya Aprili na Juni, wafanyakazi wanaambiwa wakasubiri nyumbani, na yule aliyekuwa akichukua mikate yako kila jioni sasa anakopa nauli. Kodi ya kibanda haijui hayo. Meza yangu ya kwanza niliipoteza mwezi wa Mei. Mwenye kibanda aliifungia ndani, pamoja na masufuria, kwa kodi ya miezi miwili, na nilikuwa nimemlipa Disemba nikicheka. Tangu siku hiyo mtu akinisifia biashara yake ya Malindi, namuuliza Mei iliingiza kiasi gani.

Basi wewe anzia nyumbani kwa mama, na uanze na kitu ambacho Barani inakinunua kila asubuhi bila kufikiri. Kunafa ni tamu, lakini hakuna anayetoka kwake Jumanne asubuhi kuitafuta. Wanatafuta mahamri na mbaazi. Hamri ni shilingi kumi. Pakiti ya unga ya kilo mbili itakupa 50 hivi, kwa mkono usio na choyo, nazo ni shilingi 500. Toa unga, nazi, sukari, hamira, iliki, mafuta na makaa, uandike kila kitu, hata kiberiti. Ukibakiwa na 150 umefanya vizuri. Utaona ni kichekesho mbele ya riali 1,200. Lakini katika hiyo 150 utajua nani hulipa, nani hukopa kisha akaikwepa njia ya mlangoni kwako, na nani atarudi kukuagizia masinia matatu ya hitima. Wateja hao hao ndio watakaonunua maamul yako Idi. Na oveni kubwa huihitaji kwa maamul ya majaribio. Yapike kwa sufuria yenye makaa juu na chini, kama mkate wa mayai, ujue kwanza kama watu wa hapa wanaupenda utamu ule au wataomba uongeze iliki.

Ramadhani ijayo inaangukia Februari na Machi. Wakati huo kaimati, sambusa na mikate ya sinia huisha kabla ya adhana ya magharibi, na hapo ndipo uitoe ile kunafa ya yule bibi kizee, sinia moja tu, uone linarudi tupu au linarudi na vipande. Kisha Idi, kisha mvua. Ivushe biashara yako Mei ukiwa huna kodi ya kibanda shingoni. Ukivuka, ukitaka hicho kibanda, nitakuja mwenyewe kukusaidia kubishana na mwenye nacho. Katika hayo yote, kata cheti cha afya cha wanaoshika chakula, ambacho hupimwa upya kila miezi sita, na siku utakapotoka nyumbani kuingia kibandani utahitaji leseni ya kaunti.

Na ile saa kumi. Ndiyo saa ambayo wauza mahamri wa mji huu wanakuwa wamekwisha washa jiko, unga umeumuka tangu usiku. Ukishtushwa na kengele ile, usirudi kitandani kutazama dari. Nenda jikoni ukate unga. Mikono ikiwa na kazi yake yenyewe, sauti ile inakosa mtu wa kumwamrisha. Hili nimelijua kwa usiku wangu mwenyewe, mwaka niliofiwa.

Kurudi Saudia siwezi kukukataza. Ningekwambia nenda kama ungekuwa na deni linalokufukuza au mgonjwa wa kugharimiwa. Huna. Una laki tano na ushei, una madai ya haki juu ya vyumba vinne, na una ujuzi ambao Barani nzima hakuna mwingine mwenye nao. Miaka miwili ya ajenti unajua ilivyozaa mara ya kwanza. Mwanao atakuwa na 15, na akishikwa na homa usiku atakuwa haamshi mtu tena. Ikiwa hata hivyo siku moja utaamua kwenda, usiende kwa ujumbe wa WhatsApp. Wakala awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, mkataba uusome kabla ya tiketi, nakala ibaki kwa mdogo wako, na ujue kwamba sheria ya Saudia yenyewe haimruhusu mwajiri kushikilia pasipoti ya mfanyakazi.

Huyu wa Jeddah mjibu leo kabla ya Isha. Neno moja, hapana, bila maelezo, maana ukimpa sababu atakujibu sababu. Kisha ununue pakiti mbili za unga. Mwombe mwanao daftari la skuli lililobakia kurasa, umtajie bei ya kila kitu jioni, yeye aandike na kujumlisha, mwandiko wake ndio utakaotumika. Mwezi wa Mei uniandikie, uniambie daftari linasema nini.

Shangazi